Mama Mkwe, Mikono Yako Katika Chumba cha Mahututi

Mpendwa Mama Mkwe,

Juma lililopita daktari kijana aliyehamishiwa hapa Kigoma alisimama mlangoni mwa chumba chetu cha mahututi akanitazama. Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nimeshika mguu wa mzee mmoja aliyepasuliwa tumbo siku mbili kabla. Mzee huyo alikuwa hajapata usingizi tangu atolewe chumba cha upasuaji. Sindano ya maumivu alishachomwa, na ya pili ilikuwa haijafika saa yake. Nikampaka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, niliyoloweka mchaichai, nikamkanda polepole kuanzia kisigino hadi vidoleni, na nilipofika mguu wa pili alikuwa anakoroma. Daktari akamshika mkono akahesabu mapigo ya moyo, akatazama karatasi ya asubuhi, akahesabu tena.

"Umejifunza wapi hii, Mama?"

"Kwa mama mkwe wangu, Rumonge, ng'ambo ya mpaka."

Akacheka, akidhani ninamtania. Kwake, kama kwa watu wengi, mama mkwe ni mtu wa kukukagulia sufuria.

Jioni hiyo nikatafuta kalamu. Najua umekwisha kuzikwa, mwaka wa nne sasa, na hakuna posta inayofika ulipo. Lakini mkazamwana hazungumzi na mama wa mumewe kama anavyotaka, na mimi nilikaa nawe miaka kumi na moja nikisema "ndiyo, Mama" na "bado, Mama". Wajukuu zako wananicheka nikisema "iko" badala ya "kuna", kwa hiyo nitaandika kama walimu wa huku wanavyotaka. Ila maneno yako nitayaacha jinsi ulivyoyatamka. Nikiyanyoosha hayatakuwa yako.

Nianze na ukweli. Hukunipenda. Ramadhani alipokuja kukuambia kwamba amepata mchumba, na kwamba ni Mkristo, msichana wa mji wa Baraka, upande wa Kongo, aliyevuka ziwa na mjomba wake kuuza ndagala, dagaa wa ziwani, ulimwuliza kama wasichana wote wa mtaa wa Waswahili wamekufa. Alinisimulia mwenyewe, akicheka kwa woga. Tulipooana ulikuja, ulikaa, ulikula vijiko vitatu vya wali, ukaenda. Mwaka mzima hukuingia nyumbani kwetu tena. Tukikutana sokoni nilikuamkia kwa magoti, nawe ulinijibu "amahoro" kama mtu anayemjibu karani. Wakati huo ulikuwa mfagiaji wa hospitali ndogo ya mjini. Nilijua unafanya kazi huko, lakini sikujua kazi gani hasa. Nilidhani ni ufagio na ndoo tu.

Kisha ukaja mwaka wa uhuru. Nilikuwa na mimba ya kwanza. Nilijifungua nyumbani, kwa shida, mtoto wa kike, na siku ya pili homa ikanipanda hadi nikaanza kuzungumza na marehemu nyanya yangu. Ramadhani na jirani walinibeba kwenye kitanda cha kamba hadi hospitalini, mtoto akiwa mgongoni kwa dada wa jirani. Nililazwa katika kile chumba cha vitanda vinne kilichokuwa mkabala na meza ya wauguzi. Watu waliogopa kukitaja. Walisema, "Amepelekwa pale," nasi tulielewa.

Nakumbuka mambo machache ya siku hizo, na yote ni ya mwili. Mgongo uliwaka moto. Miguu ilikuwa mizito na baridi kana kwamba si yangu. Kila aliyenigusa alikuwa anatafuta kitu: mshipa wa sindano, joto, damu, uchafu wa kufuta. Walinigusa vizuri, kwa kazi yao, nami niliwashukuru, lakini baada ya siku kadhaa nilijiona kama gunia linalopimwa na kuwekwa tena chini. Nilipoona mtu akija nilikaza meno.

Ndipo nikasikia harufu ya mchaichai, nikafungua macho, nikakuona wewe umekaa kwenye kigoda upande wa miguu.

Nilitaka kufa kwa aibu. Nilikuwa nimefunikwa shuka moja, nanuka, nywele zimesimama, na aliyekaa pale ni mama wa mume wangu, mwanamke ambaye sikuwahi hata kuvua kilemba mbele yake. Nikavuta miguu.

Ukasema, "Hapa miye siko mama mukwe wako. Hapa niko mufanyakazi. Leta muguu."

Nikauleta.

Ulinipa kwanza kitambaa chenye mafuta kidogo ninuse, ukaniangalia usoni. Baadaye nilijua kwamba huo ndio ulikuwa mtihani wako: mgonjwa akikunja uso unaiacha harufu hiyo, unaleta maganda ya chungwa, au mafuta matupu. Mimi sikukunja uso. Ukasugua viganja vyako hadi vikapata joto, ukaushika mguu wangu wa kulia kwa mikono yote miwili, ukakaa hivyo kwanza bila kuusogeza. Nadhani hapo ndipo nilipoanza kulia. Hukuuliza kwa nini. Ulianza kukanda unyayo kwa dole gumba, polepole, kwa mwendo mmoja, kama mtu asiye na kazi nyingine duniani.

"Miguu kama ya bata," ukasema. "Ramazani aliona nini?"

Nilicheka, Mama. Nilikuwa na homa ya kuua na nilicheka. Kidonda cha uzazi kikaniuma kwa kicheko, nawe ukanikemea, "Usicheke, utajipasua."

Ulikuja asubuhi na alasiri. Siku ya tatu nilikuuliza juu ya mtoto. Nilikuwa nimewauliza wote. Muuguzi alisema amelala. Ramadhani alisema yuko kwa jirani, ananyonyeshwa na mama mwingine, ananenepa. Alisema hivyo akitazama dirisha. Wewe hukusimamisha mikono. Ulimaliza kidole ulichokuwa umekishika, ukaufunika mguu wangu kwa shuka, ukaushika juu ya shuka.

"Mutoto amekufa, Furaha. Juzi. Nilimuosha miye mwenyewe, nikamuvika kitambaa cheupe, tukamuzika vizuri. Wanasema usiambiwe, utakufa. Miye naona utakufa ukidanganywa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina langu.

Sijui nililia kwa muda gani. Najua hukuondoka. Kila nilipoanza kuzama nilisikia uzito wa mikono yako juu ya miguu yangu, nikajua chini ni wapi. Siwezi kulieleza vizuri zaidi ya hapo, na nimejaribu kuwaeleza wanafunzi wauguzi mara nyingi. Sikupona kwa sababu ya mafuta yako. Nilipona kwa sindano za Muganga Anicet, mkuu wa wauguzi, na wewe ulikuwa wa kwanza kusema hivyo. Lakini mtu anaweza kupewa dawa na bado asiwe na sababu ya kuisubiri ifanye kazi.

Siku ya uhuru ilinikuta bado nimelazwa. Asubuhi tulisikia ngoma kutoka upande wa soko, halafu malori, halafu watu wakiimba wakielekea uwanjani. Wauguzi walipokezana kwenda kuangalia bendera. Hata mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mvuvi wa Gitaza aliyekatika mguu, aliomba anyanyuliwe kidogo ili asikie vizuri. Wewe ulivaa kanga mpya na chini yake sare ya kazi, ukaja na chupa yako.

"Mama, hukwenda uwanjani?" nikauliza.

"Uhuru hauna homa," ukasema. "Wewe uko nayo. Geuka."

Nilipopona nilikuja kwako siku ya Ijumaa, baada ya swala, nikapiga magoti mlangoni. Ulidhani nimekuja kushukuru. Ukasema, "Murakoze inatosha, simama." Nikasema sikuja kwa shukrani, nimekuja unifundishe. Ukanitazama miguuni kwanza, nikaogopa utataja bata tena. Kisha ukanipa panga, ukanituma nyuma ya nyumba kukata mchaichai.

Hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yetu kwa karibu miaka kumi. Hospitali iliniajiri kufua shuka, na baada ya kazi ya shuka nilikuwa wako. Ulinifundisha kuchagua mafuta ya mise, yale meupe ya kokwa, kwa kuwa mawese mekundu yanachafua shuka na harufu yake inamkumbusha mgonjwa chakula asichoweza kula. Ulinifundisha kuacha majani yanyauke kivulini kabla ya kuyaloweka, la sivyo maji yake yanaozesha chupa. Mkaratusi kidogo kwa wenye kifua kizito, lakini usimpelekee mtoto mchanga wala mwenye pumu. Usikaribie kidonda. Usikande tumbo lililoshonwa. Ukikuta mguu mmoja umevimba na una moto kuliko mwenzake, usiuguse kabisa, kamwite muganga. Miaka mingi baadaye nilisoma katika kitabu cha uuguzi kwa nini, habari ya damu iliyoganda ndani ya mshipa, nikakufikiria. Hukuwahi kusoma hata jina lako, na hukuwahi kukosea jambo hilo.

Na kila mara uliomba ruhusa. Hata kwa asiyesikia. "Nashika mukono wako, baba. Huu wa kushoto." Nikakuuliza mara moja kwa nini unaongea na mtu aliyezimia.

"Ukiingia nyumba ya mutu, hata kama amelala, unapiga hodi ama hupigi?"

Muganga Anicet mwanzoni alikudharau. Alikuwa mtu mpole, msafi, koti lake jeupe halikuwa na doa, na Kifaransa chake kilikuwa cha seminari. Alisema hospitali si mahali pa kukandana kama kwa maharusi. Hukubishana naye. Uliendelea kufagia, na ukimaliza kufagia ulikaa kwenye kigoda. Kilichombadilisha ni upungufu. Sindano za maumivu zilipokuwa haba, aligundua kwamba wagonjwa uliowakanda alasiri hawakuziomba mapema kama wengine. Aliangalia kwa miezi. Halafu siku moja, mbele yetu sote, akaandika kwenye karatasi ya mgonjwa, chini ya dawa, maneno ya Kifaransa, akatusomea kwa Kiswahili: "Saa tisa, Mama Zaituni." Jina lako, Mama, katika orodha ya dawa. Ulisema, "Sasa nimekuwa kidonge," ukaenda kutafuta kigoda. Lakini mimi nilikuona ukipangusa macho kwa ncha ya kanga.

Kufikia hapo tulikuwa na watoto wawili, Ramadhani na mimi, na ulikuwa unakuja kula kwetu kila Jumapili, wali wa sahani nzima. Sitaki kusema zaidi juu ya miaka hiyo. Ilikuwa mizuri, na mambo mazuri hayana masimulizi marefu.

Mwaka sabini na mbili unaujua kuliko mimi, kwa sababu wewe ulibaki. Nitasema yale tu tuliyoyaona pamoja ndani ya chumba kile.

Ilianza kwa mauaji barabarani na vijijini kandokando ya ziwa, kisha wakaja wenye bunduki wa serikali kutoka juu, na kulipiza kukawa kukubwa kuliko kosa. Barabara ya Bujumbura ilifungwa. Soko likafungwa. Watu waliitwa majina na kuchukuliwa: walimu, makarani, wanafunzi, wenye duka. Muganga Anicet aliitwa siku ya Jumatatu. Watu wawili walifika na kumsalimu kwa heshima, wakamwambia anahitajika mahali kwa mazungumzo mafupi. Akavua koti lake jeupe, akalitundika kwenye msumari, akaniambia, "Furaha, mgonjwa wa kitanda cha pili abadilishiwe bandeji saa nne, nikichelewa." Akatoka. Saa nne nilibadilisha bandeji mimi mwenyewe. Koti lilibaki pale ukutani siku zote nilizokuwepo, na hakuna aliyethubutu kulishusha.

Kesho yake waliletwa majeruhi, na mmoja wao akawekwa katika chumba chetu. Alikuwa mkulima wa milimani, mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye jeraha baya la tumbo. Hatukuuliza nani alimjeruhi. Mwaka ule swali hilo lilikuwa na meno. Aliyeuliza ni mtu mwenye bunduki aliyewekwa mlangoni. Aliuliza jina la mgonjwa, akaliandika, akasema asimame asisimame, kesho atachukuliwa. Baada ya hapo wauguzi walimpa maji ya mshipa na kutoka mbio. Ilisemekana anayemhudumia kwa muda mrefu naye anaandikwa.

Mama, nataka kukiri hapa jambo ambalo uliliona na hukulitaja. Asubuhi ile uliniambia, "Furaha, chukua mafuta, anza na huyu." Nikasema nina shuka za kufua. Hazikuwepo shuka za kufua. Nilikwenda nikasimama nyuma ya jengo, mbele ya kamba tupu. Niliwaza watoto wangu. Niliwaza Ramadhani, ambaye tayari walikuwa wamempita mara mbili pale kwenye cherehani yake wakimwuliza babu yake alitoka Kongo mwaka gani. Niliporudi ulikuwa umekaa kwenye kigoda upande wa miguu ya yule mtu, na chupa iko sakafuni.

Mwenye bunduki alikuwa amesimama juu yako.

"We mama, mutu huyu unamusugua wa nini? Kesho tunamuchukua."

"Kesho ni yenu," ukasema. Hukuinua kichwa. "Leo iko ya kwangu."

"Unajua amefanya nini?"

"Sijui. Najua iko na baridi miguu."

Nilishika nguzo ya mlango. Nilingoja mlio wa bunduki. Yule mtu alikutazama kwa muda mrefu, akatazama mikono yako inavyokwenda na kurudi, kisha akatoka akakaa nje kwenye ngazi, mgongo kwetu. Sijui ni nini kilichomtoa. Labda hakikuwa kitu kikubwa. Labda alikuwa na njaa. Lakini alitoka, nami nikaingia, nikapiga magoti upande wa pili wa kitanda, nikasema, "Nashika mukono wako, baba. Huu wa kulia." Hukunitazama. Ulinisogezea chupa tu.

Ulimwuliza jina lake ingawa lilikwisha kuandikwa. Ulitaka aliseme yeye. "Mathiasi," akasema. Tangu hapo hukumwita mgonjwa wala huyu. Mathiasi, nakuja mguu wa pili. Mathiasi, vuta pumzi polepole. Alikuwa amekunja mwili mzima kama ngumi kwa maumivu, na sindano hazikuwepo tena, za kumpa yeye wala mtu mwingine. Ilichukua karibu saa nzima kabla mabega yake hayajashuka. Taya ikalegea. Akaanza kuzungumza, kidogo kidogo, kwa Kirundi, nawe ukanitafsiria yale ambayo sikuyashika. Alisema ana mke, Daforoza, na watoto watatu. Walikubaliana kwamba wakitengana, mke aelekee Tanzania na watoto, naye atawafuata. Alisema, "Atanisubiri. Huyo mwanamke anajua kusubiri. Mumwambie asisubiri."

"Tutamwambia," ukasema.

Alikufa alasiri, jua likiwa bado juu ya ziwa, mguu wake ukiwa katika mikono yako na mkono wake katika wangu. Hakupiga kelele. Aliuliza harufu ile ni ya nini, ukamwambia ni mchaichai, akasema kwao iko mingi kando ya kisima. Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Tulimwosha, tukamnyoosha, tukamfunika.

Asubuhi walifika wanne na karatasi yao. Uliwaonyesha kitanda. Mmoja akatukana, kama mtu aliyekuta duka limefungwa. Mwili waliuchukua. Yeye mwenyewe walimkosa.

Siku hiyohiyo Ramadhani alipata nafasi katika mtumbwi wa injini uliokuwa unaondoka alfajiri ya kesho yake kuelekea kusini, upite mbali na ufuko wa Nyanza-Lac na Kabonga, uingie maji ya Tanzania. Tulikuja kukuchukua. Ulikuwa unatwanga. Ramadhani, mwanao wa pekee, fundi aliyeheshimiwa mji mzima, alilala chini kifudifudi kwenye ua wako.

"Mama, twende. Watakuua."

"Basi watanikuta kazini."

"Kwa ajili ya nani, Mama? Watu gani?"

"Kitandani iko watatu, Ramazani. Mwanamuke wa kuungua, muzee wa kifua, na yule kijana wa kupasuliwa mushipa. Hakuna anayeweza kutembea. Wote munaokimbia muko na miguu."

Nilikuchukia kidogo saa ile, Mama. Nisamehe. Nilimwona mume wangu, mavumbi usoni, nikafikiri: mwanamke huyu anawapenda wagonjwa kuliko mtoto aliyemzaa. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hukuwa unachagua kati yetu na wao. Sisi ulikwisha kutuona tuko kwenye mtumbwi. Ulimnyanyua mwanao, ukampangusa uso kwa kanga yako, ukambariki kwa dua, ukawashika wajukuu vichwa. Kwangu ulisema maneno machache, kwa ile sauti yako ya kazini.

"Miye siwezi kufika huko. Wewe utafika. Mutafute Daforoza."

Tulifika. Hilo ulilijua kwa wasafiri. Ramadhani alipata cherehani ya kukodi, mimi nilianza kufua shuka tena, kisha nikasomeshwa uuguzi nikiwa mtu mzima katikati ya wasichana walioniita shangazi. Nilipovaa koti jeupe siku ya kwanza nililishika kola muda mrefu. Tulisikia kwamba uko hai, kwamba hakuna aliyekugusa, kwamba wote watatu uliobaki nao waliondoka hospitalini, wawili kwa miguu yao na mmoja akibebwa. Tulisikia umezeeka, vidole vimepinda, na kwamba bado unakwenda saa tisa. Halafu tukasikia umekufa, usingizini, nyumbani kwako, na mji ukajaa uani, hata watu ambao hawakuwa wamezungumza tangu mwaka ule. Ramadhani hakuweza kwenda. Alikaa siku tatu bila kugusa cherehani.

Na Daforoza, Mama. Nilimtafuta. Katika makazi ya wakimbizi kila nilipotumwa na kikosi cha chanjo, niliuliza. Unajua ni akina Daforoza wangapi? Nilimpata mjane wa fundi seremala, nikampata msichana mdogo, nikampata bibi kipofu aliyesema yeye ndiye kwa sababu tu alitaka mtu wa kuongea naye, nikakaa naye tukaongea. Miaka ikapita. Ukafa kabla sijakuletea jibu, na hilo liliniuma kuliko mengi.

Nilimpata mwezi uliopita. Alikuwa anamenya mihogo nje ya nyumba ya udongo, mwanamke mrefu, mkavu, na watoto wake watatu sasa ni watu wazima. Nilimwuliza jina la mumewe. Akaweka kisu chini.

"Uko na habari yake?"

Nikamwambia ninayo, na kwamba alisema asisubiri.

Hakulia mara moja. Alisema alikuwa anajua, ila hakuna aliyemwambia, na kujua bila kuambiwa hakumruhusu mtu kuomboleza. Akawaita watoto, wakakaa. Akaniuliza kama aliumia sana. Nilikukumbuka na shuka juu ya miguu yangu, nikasema kweli: ndiyo, aliumia sana mwanzoni, na dawa hazikuwepo. Kisha nikawaeleza yote. Kigoda, mafuta, viganja vilivyopashwa joto kwanza, hodi uliyopiga katika mwili wake. Nikawaambia kwamba mwanamke wa Kiislamu wa mjini asiyemjua alimwita Mathiasi hadi mwisho, mbele ya mtu mwenye bunduki, na kwamba walipokuja kumchukua alikuwa amekwisha kuondoka. Mtoto wa kwanza, mwanamume mwenye ndevu, aliinama akafunika uso. Daforoza alinisikiliza hadi mwisho, akanitaka nirudie tangu mwanzo. Nikarudia. Kisha akaitazama mihogo.

"Miaka yote," akasema, "nilikuwa namuona shimoni, ametupwa kama mbwa. Kumbe alikufa kama mutu."

Akauliza jina lako. Nikamtajia. Akalirudia mara mbili ili alishike, na watoto wake wakalirudia.

Mama, lala salama. Mwanao anakusalimu, ameota mvi lakini bado anajidai. Mimi kesho nina zamu ya asubuhi, na kitandani kuna wanne.

Ni mimi mkazamwanao,
Furaha